Tumbo la Baba na Shokapu za Gari

Kwa Baba yangu, kwa mdomo wa Mama,

Shikamoo Baba. Shikamoo na wewe Mama unayeisoma hii kwa sauti, maana najua umekwisha kuambiwa usome polepole na usimeze maneno. Natumaini nimewakuta salama, mgongo wa Mama umetulia, na lile bati la kibanda cha kunyolea limeacha kuvuja juu ya vichwa vya wateja. Kwangu huku hakuna baya. Nakula, nalala, na kucha zangu bado nyeusi kwa grisi, kwa hiyo mkitaka kujua kama kazi ipo, ipo.

Baba, utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Wewe ni kinyozi. Maisha yako yote umezungumza na watu ukiwa umewashika kichwa, na hakuna anayebishana na mtu aliyemwekea wembe shingoni. Umezoea kushinda. Kwenye simu nikifungua mdomo tu unaniuliza kama nimekula, nikisema ndiyo unaniambia basi lala salama, na simu imekatwa. Barua haikatwi. Leo utanisikiliza mpaka mwisho, na wewe Mama, tafadhali, usiruke mistari hata akikuambia kwamba chai inapoa.

Habari za macho yako ninazo zote, usimkasirikie Mama. Najua ulilikaribisha koti lililotundikwa mlangoni, ukaliambia likae, ukaliuliza habari za watoto, ukaudhika lilipokunyamazia. Hilo tulilicheka, hata wewe ulicheka. Najua pia kwamba seremala wa jirani anatembea na nywele zilizopanda upande huu zikashuka upande ule, na akiulizwa anasema huo ndio mtindo wa sasa. Watu wanakupenda, ndiyo maana bado wanakaa kwenye kiti chako. Lakini juzi ulimkata mwalimu sikio. Kidogo tu, ndiyo, na mwenyewe akasema si kitu, ila wewe hukuiona damu mpaka Mama alipokushika mkono. Aliponisimulia hayo nililia. Niliketi juu ya tairi pale gereji nikalia, na sioni haya kukuambia.

Muuguzi wa zahanati yenu alishasema ni mtoto wa jicho. Mimi ndiye mtoto wako wa pekee, na huyu wa jicho simtambui kuwa ndugu yangu, kwa hiyo nilikwenda kumshtaki kwa daktari wa macho wa huku. Daktari ni mama mmoja mpole, mwenye miwani minene kuliko ya wagonjwa wake. Alinisikiliza vizuri. Alisema kitu hicho kinatolewa, tena wazee waliokuzidi umri hutoka pale wakisoma magazeti, ila kisiachwe kikakomaa, maana kikikomaa kazi huwa ngumu na jicho laweza kupotea moja kwa moja. Nilipokupigia kukueleza, ulinijibu kwamba umeona vya kutosha katika dunia hii. Baba, mtu aliyeona vya kutosha hamwulizi mkewe kila asubuhi kama shati alilovaa ni la bluu au la kijani. Sote tunajua tatizo lako si kuona. Tatizo lako ni barabara.

Hakuna jirani asiyejua kwamba wewe na gari hampatani. Wewe husema hupendi magari. Mama husema magari ndiyo hayakupendi wewe. Vidonge vya kuzuia kutapika ulivimeza, ukavitapika na vyenyewe. Ukae mbele, ukae nyuma, ule, usile, unuse limau, ni mamoja. Kona mbili tatu tu na uso umekwisha kubadilika rangi. Na kutoka kwenu hadi hospitali ni kona juu ya kona, ukizimaliza hizo unakutana na kile kipande kilichobomoka, mawe na mashimo, mpaka uingie mjini. Kinyozi hajinyoi, husema watu, lazima apatikane wa kumnyoa. Basi nikajiambia kwamba mwenye tumbo la namna hii hawezi kujisaidia mwenyewe, na kama binti yake ni fundi wa magari na anakaa tu akimwonea huruma kwenye simu, ufundi wenyewe una faida gani.

Unajua siku hizi kazi yangu ni shokapu tu. Nimweleze Mama, ambaye hajawahi kuinama chini ya gari isipokuwa kumfukuza kuku. Mama, kila gurudumu lina springi inayolibeba gari, na kando yake ipo shokapu, bomba nene lenye mafuta ndani, kazi yake ni kuituliza ile springi isirukeruke. Bila hiyo, gari likipanda tuta moja litaendelea kudunda hadi tuta la pili. Sasa, shokapu ikiwa laini, mashimo inayameza vizuri, lakini kwenye kona gari linalala ubavu, na dereva akikanyaga breki linainamisha pua. Ikiwa ngumu, gari linashika barabara na haliyumbi, ila kila jiwe unalisikia kwenye meno. Vyote viwili kwa ukamilifu huvipati. Unatafuta katikati, na hiyo katikati kila mtu ana yake.

Bosi wangu, ambaye mtaa mzima humwita Kona kwa sababu ujanani alikuwa akishindana mbio za magari, ana gari moja la zamani, lenye nyuma ndefu, ambalo humwazima mtu anayempenda na hukataa hata kuliuza kwa anayemchukia. Nilimwendea nikamweleza habari zako, macho na tumbo, sikumficha kitu. Aliendelea kujipangusa mikono muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. Kisha akasema kwamba kinyozi ni mtu muhimu, kwamba yeye mwenyewe tangu kinyozi wake afe hajapata wa kumwamini, na kwamba gari nichukue. Akaingia stoo akatoka na shokapu zake za enzi za mashindano, zile zenye kidude cha kuzungusha kwa vidole, ukikizungusha huku unakaza, huku unalegeza, na kila hatua kinalia ta. Za mbele kidude kiko juu, unakifikia ukifungua boneti. Za nyuma kiko chini, na mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nilirudi kwa daktari kumwuliza kuhusu safari, naye akaniongezea mzigo. Alisema wakati wa kuja hana neno sana, lakini wakati wa kurudi nyumbani, jicho likiwa limeshonwa hivi karibuni, mgonjwa asitapike wala asijikaze kutapika, na kichwa kisitikiswe. Baba, fikiria hapo. Kichwa kisitikiswe maana yake shokapu laini. Mgonjwa asitapike maana yake gari lisiyumbe. Nilitoka mle hospitalini nikicheka peke yangu, mlinzi wa getini akaniuliza kama nimepewa habari njema, nikamwambia bado.

Sasa hapa mjini tuna dereva mmoja anayebeba maharusi, tunamwita Mto, kwa sababu ndani ya gari lake kuna mito mingi kuliko chumbani kwa bibi harusi mwenyewe. Ni mtu wa maneno mengi na mwendo mdogo. Anajisifu kwamba katika miaka yake yote hakuna bibi harusi aliyeshuka kwake na wanja umeparaganyika. Aliposikia habari zako alikuja kunipa ushauri bila kuombwa, akasema mgonjwa ni kama yai, legeza shokapu zote mpaka mwisho, gari lielee. Kona akasikia kutoka kule kwenye jeki. Alisema linaloelea ni boti, na mbona watu hutapika kwenye boti. Mto akamjibu kwamba yeye Kona ndiye aliyeharibu migongo ya nusu ya mji huu. Wakabishana mpaka mteja mmoja akaondoka na gari lake likiwa halijafungwa gurudumu la akiba. Mimi sikuchukua upande, kwa sababu sikujua nani mkweli, na tumbo halitengenezwi kwa mabishano.

Nilihitaji mtu wa kujaribia. Si mtu yeyote, bali mwenye tumbo kama lako, yule wa kona mbili tatu. Kwa bahati nilimpata mmoja, na kwa kuwa hakutaka jina lake lizungumzwe gereji, Kona akampa cheo, akawa anamwita Mheshimiwa Abiria. Jina lake nitakutajia mbele, usiwe na haraka. Utaratibu wetu ulikuwa huu. Kona anaendesha, Abiria anakaa kiti cha mbele, na amefungwa kitambaa machoni. Kitambaa kilikuwa wazo langu. Mtu anayeona, kona humfikia machoni kwanza, mwili ukajishika. Wewe huoni mbele vizuri, kona inakuvamia. Nilitaka tumbo la Abiria livamiwe kama litakavyovamiwa lako.

Safari ya kwanza tulifuata dini ya Mto. Tukalegeza zote. Baba, lile gari lilitoka gereji likitingisha makalio. Matuta ya pale shuleni lilipita kama halikuyaona, na Abiria akasifu, akasema kumbe raha ndiyo hii. Tulipoanza kupanda mlima, kona ya kwanza gari likalala, likainuka polepole, likajilaza upande wa pili, na kabla halijamaliza hapo Kona akakanyaga breki kumpisha mbuzi. Pua ikazama. Sitaki kumkirihi Mama kwa maelezo. Nitasema tu kwamba Abiria alikuwa na mfuko, na mfuko ulitosha kwa shida. Tulirudi madirisha yote wazi, na Mto alipoambiwa alisema basi huenda mtu huyo alikuwa mgonjwa tangu nyumbani.

Safari ya pili ikawa zamu ya dini ya Kona. Tukakaza zote. Hapo tumbo la Abiria halikusema kitu mlimani, kona zote gari lilipita limesimama wima, na Kona alikuwa anatabasamu peke yake kama kijana. Tukafika kwenye kipande kilichobomoka. Abiria aligonga kichwa kwenye paa, akauma ulimi, na wakati wa kushuka akatembea ameshika kiuno. Nikamwambia Bosi kwa heshima zote kwamba jicho lililoshonwa likipitishwa pale kwa mtindo ule litabaki barabarani. Alikasirika kidogo, halafu akakubali.

Basi tukaweka katikati, mbele na nyuma sawasawa. Hapo ndipo nilipochoka, kwa sababu matokeo yake hayakuwa mabaya wala mazuri. Abiria alivumilia nusu ya mlima, kisha akaomba ashuke akae chini kwenye majani. Na kule kwenye mawe bado alikuwa akiruka. Tukapunguza kidogo, tukaongeza kidogo, wakati wote mbele na nyuma pamoja, kama watu wanaochota maji kwenye ndoo hii wakamimina kwenye ile. Bosi alikuwa na wateja, mimi nilikuwa na wateja, na yule Abiria maskini alianza kukonda. Ilifika siku nikajiuliza kama si afadhali nikubali tu kwamba umeona vya kutosha. Nisamehe, Baba, lakini nilifika hapo.

Siku hiyohiyo ya kukata tamaa ndipo mambo yalipotengenea, na yalitengenea kwa upuuzi. Nilikuwa nimelala chini ya gari kwa nyuma, nikilegeza shokapu za nyuma kidogo ili angalau yale mawe yapungue ukali. Kona amesimama mbele, boneti wazi, vidole kwenye vidude, akinisubiri nimwambie cha kufanya na za mbele. Sikio lake moja lilikuwa kwangu na jingine kwenye redio, kwenye mpira, na timu yake ilikuwa inashambulia. Ndipo akapita Mto. Akaona miguu yangu imechomoza chini ya gari, akakumbuka nipo humo tangu asubuhi, akanionea huruma. Akapaza sauti, kaza, binti, kaza. Alimaanisha nisikate tamaa. Akaenda zake kununua maji ya kunywa.

Baba, tazama hiki Kiswahili chetu. Neno la kumtia mtu moyo ndilo hilohilo la kufunga nati. Kona kule mbele alisikia kaza, akaamini ni mimi nimesema, au nimemtuma Mto aseme, akakaza. Ta, ta, ta, upande huu, akahamia upande ule, ta, ta, ta, huku akimtukana mlinda mlango. Mimi nikatoka uvunguni nikidhani za mbele hazijaguswa. Tukafunga boneti, Abiria akavaa kitambaa chake kwa uso wa mtu anayekwenda kung'olewa jino, tukaondoka.

Tulipanda mlima. Kona ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita, breki, kona, lori la mbele likatupunguzia mwendo, breki tena. Bosi alikuwa anamtazama Abiria kwa jicho la pembeni na mguu mmoja tayari kwa breki. Abiria hata mfuko hakuugusa. Tukafika juu, tukageuza, tukashuka, tukaingia kwenye mawe na mashimo. Gari lilikuwa linasema guu, guu, polepole, kama mtu anayeweka mizigo chini kwa adabu. Pale katikati ya mawe, Abiria, macho yamefungwa, akaomba chungwa. Akalimenya, akalila lote. Kona alisimamisha gari kando ya barabara, akazima redio, na mnajua sasa redio kwa Kona ni nini.

Tulipofungua boneti tukaona za mbele zimekazwa. Nikamwuliza Bosi nani kamwambia. Akasema ni mimi. Nikakana. Akasema basi ni Mto. Tukamwita Mto, akaapa kwa maharusi wake wote kwamba tangu azaliwe hajamwambia mtu akaze shokapu, kwamba alichotoa yeye ni pole tu, na kwamba siku nyingine akiona mtu anateseka atapita kimya. Kona alicheka mpaka akashika jeki. Mto hakucheka, kwa sababu alikuwa ameshaelewa kwamba dini yake imeshindwa kwa mdomo wake mwenyewe. Lakini nikamwonyesha kwamba hakushindwa yote. Nyuma kulikuwa kwake, kulegea. Mbele ndiko kulikuwa kwa Kona. Tulikuwa tumewafunga ng'ombe wawili kamba moja, tukishangaa hawaendi.

Nilikaa nikafikiri nikaelewa. Kinachokutapisha wewe, Baba, si mashimo. Ni kule kulala na kuinuka, kule kuzama kwa pua, kuyumba polepole kusikoisha. Watu wote waliokuhurumia wakakutafutia gari laini, ndio waliokumaliza. Mbele ikishikwa imara, pua haizami na gari haliingii kwenye kona kama mlevi. Nyuma ikiachwa ilegee kiasi, mawe yanamezwa na kichwa kinatulia. Baada ya hapo kazi ilikuwa ndogo. Tulirudisha za mbele ta moja, tukapunguza upepo kidogo kwenye tairi, tukarudia safari mara nyingine na nyingine. Sikudanganyi, siku moja kwenye ile kona kali karibu na kilele Abiria alitoka jasho akanyamaza. Hali hiyo ikapita. Gari hili halikuahidi pepo. Linaahidi kwamba utafika ukiwa mtu.

Sasa nikutajie Abiria. Ni mimi, Baba.

Mama, endelea kusoma, usimtazame. Ni mimi. Yule aliyejaza mfuko, aliyeuma ulimi, aliyekaa kwenye majani kando ya barabara ameshika tumbo, ni mwanao, na yaliyoonekana njiani nikiwa na kitambaa machoni nilisimuliwa na Kona. Maji hufuata mkondo. Hili tumbo ulinipa wewe, pamoja na pua na ubishi. Gereji wote hudhani napenda sana kuendesha, kwa sababu kila tukienda kujaribu gari nakimbilia usukani. Mwenye kuendesha hatapiki, ndiyo siri yote. Niwekwe kiti cha abiria, nakwisha. Kona nilipomwambia alikaa juu ya tairi akacheka mpaka machozi, kwamba fundi wake wa shokapu anatapishwa na magari, halafu akaona sicheki, akaniheshimu, akanificha kwa kile cheo cha Mheshimiwa. Nilikuficha na wewe, kwa sababu uliniambia tangu utotoni kwamba hilo ni udhaifu wako, aibu yako, na nilifurahi mno kufikiri kwamba wangu hujauona.

Unakumbuka siku uliyonipeleka shule ya bweni. Nusu ya njia ulimwambia dereva asimame, ukashusha sanduku langu, ukajitwisha kichwani, ukasema unapenda kutembea asubuhi. Ukatembea ukiniomba radhi njia nzima. Ulisema watoto wa wenzako wanafika kwa gari, wako anafika kwa vumbi kwa sababu ya baba yake. Mimi sikujibu, ukadhani nimeona aibu. Baba, sikujibu kwa sababu nilikuwa nimebana meno. Kama ungechelewa kona moja tu kumsimamisha yule dereva, mimi ndiye ningeanza. Nilikuwa nakushukuru kila hatua. Hakuna siku niliyokupenda kuliko ile, na nimekaa na neno hilo miaka yote hii kama mjinga.

Kwa hiyo usiniambie tena kwamba umeona vya kutosha. Ninachoogopa nitakitaja waziwazi. Naogopa nitakuja nyumbani siku moja, nitasimama mlangoni, na utanikaribisha ndani kwa adabu kama ulivyolikaribisha lile koti, ukaniuliza habari za watoto ambao sina. Hilo silitaki. Nataka unione ukanikemea kwamba nywele zangu zimekaa vibaya.

Msalimieni seremala, mwambieni avumilie mtindo wake siku chache. Msalimieni mwalimu na sikio lake. Bosi wangu anakusalimu sana, na nywele zake ziko tayari, mtajionea wenyewe kwamba kweli hajapata kinyozi. Mto anakusalimu na ametoa mto mmoja wa kuegemeza shingo, anasema huo si dini, ni zawadi.

Mama, hapa inua kichwa umweleze mwenyewe, au usome tu, maana mfuko wake wa nguo umeshaufunga na daktari anamngoja kesho. Baba, barua hii haikuja kwa posta. Nimempa Mama mkononi, nikarudi nje. Unaposomewa maneno haya gari liko mbele ya nyumba, na injini imezimwa ili usisikie. Sitapiga honi wala sitaingia kubishana. Usukani ameshika Kona. Ningeweza kuendesha mimi nikafika mzima, lakini sitaki. Kiti cha mbele ni chako. Mimi nimekaa nyuma yako, kiti cha abiria, na mifuko miwili mapajani, mmoja wako na mmoja wangu. Nimelitengeneza hili gari kwa kadiri ya akili yangu yote, na ikiwa pamoja na hayo yote tumbo litatushinda, basi safari hii, Baba, hutatapika peke yako.

Toka nje. Nakusubiri.

Ni mimi mwanao,
fundi wa shokapu